Eti IVF ya praiveti ndo ina uhakika zaidi?

Wengi wanaamini ukilipia IVF, yaani kurutubisha yai nje ya mwili, praiveti utashika mimba kirahisi kuliko ukigharamiwa na serikali, kwa nchi ambazo serikali inagharamia. Inaeleweka kabisa, kila mwezi ukiisha bila kitu inauma, unatamani pesa ilete uhakika.

Ila hatua ni zilezile, sindano za homoni kukuza mayai, yanavunwa, yanarutubishwa maabara, kiinitete, yaani yai lililorutubishwa likaanza kukua, kinarudishwa kwenye mji wa mimba, na kinachoamua sana ni umri wa mwenye mayai, hasa ukishavuka 35, pamoja na ubora wa mbegu na maabara, sio nani kalipa bili. Praiveti mara nyingi inachokupa ni muda, maana foleni ya serikali inaweza kuwa ndefu na ina masharti ya umri, na kwa mwenye miaka 39 muda ni kitu kikubwa mno.

Ukionyeshwa asilimia za mafanikio uliza: ni watoto waliozaliwa au vipimo vya mimba tu? Ni wanawake wa umri wangu? Mmehesabu kila aliyeanza sindano au waliofika kurudishiwa kiinitete tu? Maana wakihesabu hao wa mwisho, yule ambaye mayai yake hayakukua anakuwa kashatolewa kwenye hesabu, na yeye alilipa na kuchomwa sindano kama wengine.