Kifungo Kikivunjika, Nishati Huingia

Watu wengi huamini kwamba nishati imefungiwa ndani ya kifungo cha kikemia, na kifungo kikivunjika inachomoka. Ukweli ni kinyume chake. Atomi zilizoshikamana zinavutana, na kuzitenganisha kunahitaji nishati kila mara. Hakuna kifungo kinachovunjika bure. Joto linatoka pale vifungo vipya vinapoundwa.

Tazama hidrojeni na klorini. Kuvunja moli moja (kipimo cha idadi ya chembe) ya vifungo vya hidrojeni kunahitaji kilojuli 436, na vya klorini kilojuli 242: jumla 678. Kisha zinaundwa moli mbili za kloridi ya hidrojeni, kila moja ikitoa kilojuli 431, yaani 862. Chukua 678, toa 862, unapata −184. Mwanafunzi aliyeshika ile dhana potofu atageuza alama, na hesabu yake itadai kwamba mmenyuko huu unafyonza joto, ilhali unaweza kulipuka. Alama ya hasi haimaanishi kuna nishati iliyo chini ya sifuri. Inaeleza tu kwamba nishati imetoka kwenye kemikali kwenda kwenye mazingira.

Dhana ya pili iko kwenye kipimajoto. "Jotoridi likipanda zaidi, joto lililotolewa ni kubwa zaidi." Hapana, si lazima. Changanya sentimita za ujazo 50 za asidi hidrokloriki na 50 za hidroksidi ya sodiamu, zote za moli 1 kwa lita, ndani ya kikombe kinachozuia joto kupotea. Jotoridi litapanda takriban nyuzi 6.7. Rudia kwa 100 na 100. Wengi wanatarajia lipande mara mbili, lakini linapanda nyuzi zilezile! Joto limeongezeka maradufu kweli, ila maji ya kupashwa nayo yameongezeka maradufu.

Ndiyo maana, ili kupata joto lililotolewa, tunazidisha vitu vitatu: masi ya kilichopashwa joto, juli 4.18 kwa kila gramu na nyuzi (nishati ya kupasha gramu moja ya maji kwa nyuzi moja), na badiliko la jotoridi. Gramu 100 × 4.18 × 6.7 ni kama juli 2,800. Maji yaliyoundwa ni moli 0.05, hivyo kila moli imetoa takriban kilojuli 56. Angalieni hapo kwenye masi, jamani, maana ndipo alama nyingi za mtihani zinapopotelea: ni masi ya mchanganyiko wote, si ya asidi peke yake. Na kama umechoma ethanoli chini ya kopo la maji, weka masi ya maji, si ya ethanoli.

Kuhusu kichocheo, neno moja linatosha: kinaharakisha mmenyuko, hakibadilishi joto linalotolewa.

Wengine hudhani badiliko la nishati lisilopimika moja kwa moja haliwezi kujulikana. Kaboni ikiungua na kuwa monoksidi ni mfano mzuri, kwa sababu sehemu yake huendelea hadi dioksidi na kuharibu kipimo. Mwaka 1840 mkemia Germain Hess alionyesha kwamba jumla ya joto ni ileile kwa njia yoyote utakayopita, mradi mwanzo na mwisho ni vilevile. Kaboni hadi dioksidi ni −393.5. Monoksidi hadi dioksidi ni −283.0. Toa ya pili kwenye ya kwanza: kilojuli −110.5 kwa moli, bila kuwasha chochote.