Je, wajua maji yanayouzunguka ubongo hupimwaje bila kuchotwa?

Ubongo wa mtu aliye hai haukai juu ya mfupa mtupu wa fuvu. Umezungukwa na maji maangavu, ambayo wataalamu wa tiba huyaita ugiligili wa ubongo na uti wa mgongo, na sehemu ya maji hayo imo ndani yake kabisa, katika vyumba vinne vilivyounganishwa kwa vijia vyembamba. Ubongo ambao ungekuwa na uzito wa gramu 1,400 hivi mezani, ukiwa unaelea humo uzito wake hushuka hadi karibu gramu 50. Mwili hutengeneza takriban mililita 500 za ugiligili kila siku, na vitabu vya tiba vimezoea kuandika kwamba kiasi kilichomo wakati wowote, fuvuni na mgongoni kwa jumla, ni mililita 150 hivi. Msomaji makini atajiuliza namba hiyo imepatikanaje, kwa kuwa hakuna awezaye kuyamimina maji yote ya kichwa cha mtu hai katika chombo chenye alama na kuyasoma.

Waliotangulia walipitia njia ngumu. Mwaka 1891 daktari Mjerumani Heinrich Quincke alieleza namna ya kuchoma sindano kiunoni ili kuutoa ugiligili, na mpaka leo ndivyo hospitali zinavyochunguza homa ya uti wa mgongo. Hata hivyo, sindano hutoa sampuli na kuonyesha shinikizo tu, wala haisemi ni kiasi gani kimebaki ndani. Mwaka 1918 Walter Dandy, daktari wa upasuaji wa Baltimore nchini Marekani, aliondoa sehemu ya ugiligili katika vyumba vya ubongo, akaingiza hewa mahali pake, kisha akapiga picha ya eksirei, ambayo ilionyesha umbo la vyumba kwa sababu hewa huonekana tofauti na nyama. Njia hiyo, pamoja na ile iliyofuata ya kuipitisha hewa mgongoni, iliwafaa madaktari kwa miongo kadhaa, lakini wagonjwa waliilipia kwa maumivu makali ya kichwa na kutapika. Kipimo kisichogusa mwili kilikuja baadaye sana, hasa baada ya mwaka 1973, Paul Lauterbur alipoonyesha kwamba sumaku na mawimbi ya redio vinaweza kutoa picha. Kwa kazi hiyo yeye na Peter Mansfield wa Uingereza walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2003.

Mashine ya MRI, yaani hiyo inayopiga picha kwa sumaku na mawimbi ya redio, inaitambua haidrojeni, na haidrojeni nyingi mwilini imo katika maji. Mgonjwa akiwa ndani ya sumaku yenye nguvu, ambayo katika hospitali nyingi ni ya tesla 1.5 au 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), protoni za haidrojeni, yaani viini vya atomi zake, hujipanga kwa kiasi kidogo kufuata uelekeo wa sumaku. Wimbi la redio huzisukuma kutoka katika mpangilio huo, na zinaporudi hutoa ishara ambayo mashine huinasa. Sasa, ubongo wenyewe ni maji kwa sehemu kubwa, kwa hiyo kama mashine ingehesabu protoni peke yake, ugiligili na ubongo vingefanana mno. Kinachovitenganisha ni muda. Molekuli za maji ya ugiligili hujizungusha bila kizuizi, na kwa sababu hiyo ishara yake hudumu kwa takriban sekunde mbili kabla ya kufifia, ilhali maji yaliyobanwa na mafuta na protini za ubongo hupoteza ishara yake kwa muda wa sehemu moja ya kumi ya sekunde au chini ya hapo. Mtaalamu akisubiri nusu sekunde kabla ya kuipokea ishara, ya ubongo huwa karibu imekwisha, na ile ya ugiligili bado ina zaidi ya robo tatu ya nguvu yake. Picha inayotoka hapo ni nyeusi, isipokuwa palipo na maji. Katika aina nyingine ya picha, ambayo wataalamu huiita T1, mambo hugeuka: ugiligili huwa mweusi na ubongo hung'aa. Aina hiyo ya picha ndiyo inayotumika zaidi katika utafiti.

Hatua inayofuata ni hesabu. Picha ya MRI imejengwa kwa vokseli, yaani michemraba midogo sana iliyopangwa safu kwa safu katika pande tatu. Ikiwa kila upande wa vokseli ni milimita moja, vokseli 1,000 ni sawa na mililita moja, na vokseli 150,000 ni mililita 150. Zamani mtaalamu aliketi na kuchora kwa mkono mpaka wa vyumba katika kila tabaka la picha, akapata eneo lake, akalizidisha kwa unene wa tabaka, kisha akajumlisha. Kanuni hiyo ni ya Bonaventura Cavalieri, mwanahisabati wa Italia wa karne ya 17, na ingali sahihi hata leo, ingawa inachosha. Vyumba vya ndani vina kuta laini na zilizo wazi, na watu wawili wakivichora hawatatofautiana sana. Maji yaliyo juu ya uso wa ubongo, yaliyojipenyeza katika kila mkunjo wake, ni habari nyingine kabisa.

Hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo, na kwa maoni yangu ndilo jambo ambalo ripoti nyingi zenye namba nzuri hulipita upesi mno. Mifereji mingi kati ya mikunjo ya ubongo ina upana wa milimita moja, au hata chini ya hapo, kwa hiyo vokseli inayoangukia humo hubeba maji na nyama kwa pamoja. Ni sawa na kutaka kujua eneo la maji katika mikoko kwa picha ya angani iliyogawanywa viraba vikubwa: katikati ya bahari hakuna shaka, lakini viraba vya pembeni vina mizizi, matope na maji yaliyochanganyika. Ukisema kila kiraba chenye maji zaidi ya nusu ni maji kamili, utapata jibu moja, na ukibadilisha kanuni hiyo kidogo utapata jibu jingine.

Tuichukue hesabu yenyewe ili uzito wake uonekane. Uso wote wa gamba la ubongo, ukikunjuliwa, una eneo la sentimita za mraba zipatazo 2,000. Programu ikiusogeza mpaka kati ya ubongo na maji kwa sehemu moja tu ya kumi ya milimita, umbali usioonekana kabisa kwa macho katika picha, ujazo hubadilika kwa mililita 20. Kosa la namna hiyo, likienea juu ya uso wote kwa uelekeo mmoja, linakaribia kulingana na maji yote yaliyomo katika vyumba vya ubongo vya kijana mwenye afya. Ndiyo maana mtu yuleyule, kwa picha ileile, hupewa mililita tofauti na programu mbili, na si lazima moja kati ya hizo iwe na hitilafu.

Dawa iliyozoeleka ni kuacha kulazimisha kila vokseli iwe kitu kimoja. Tuseme ugiligili halisi una mng'ao wa 1,000 katika picha, na ubongo una mng'ao wa 200. Vokseli yenye mng'ao wa 600 itahesabiwa kuwa na nusu maji na nusu ubongo, na kuongeza nusu ya mikrolita katika jumla. Njia hiyo hufanya kazi vizuri iwapo mng'ao wenyewe unaaminika, na mara nyingi hauaminiki. Sehemu ya kichwa iliyo karibu na antena ya kupokea ishara hung'aa kuliko ya katikati, kwa hiyo programu hulazimika kusahihisha tofauti hizo kwanza. Isitoshe, ugiligili hausimami: kila pigo la moyo huusukuma kupitia vijia vyembamba, na panapokuwa na mwendo wa kasi ishara hupotea, hata maji yakaonekana kama hayapo.

Upande wa nje kuna tatizo lingine. Katika picha ya T1, ugiligili ni mweusi, na mfupa wa fuvu, ambao hauna maji mengi ya kutoa ishara, nao ni mweusi. Programu inayotumia picha hiyo peke yake inabidi ikisie maji yanaishia wapi na mfupa unaanzia wapi, na kwa wazee, ambao maji ya nje ni mengi, kosa huwa kubwa. Picha ya pili, ile inayoyang'arisha maji, hulipunguza tatizo hilo kwa sababu mfupa hubaki mweusi. Anayetaka ujazo wa maji ya nje na akapewa T1 tu, basi amepewa nusu ya vifaa vya kazi yake.

Programu zinazotumika zaidi zimetoka katika vyuo: SPM ya London, FSL ya Oxford na FreeSurfer ya Boston. Baadhi yake husaidiwa na ramani ya uwezekano, inayosema kwamba mahali fulani kichwani kwa kawaida huwa maji na mahali fulani huwa ubongo, ramani iliyotengenezwa kutokana na vichwa vya watu wengi. Msaada huo hugeuka kikwazo pale kichwa kinachopimwa kinapokuwa tofauti sana na hivyo. Mtoto mchanga mwenye kichwa kikubwa kwa sababu ya maji kujaa ana vyumba vilivyotanuka hadi ubongo ukabaki tabaka jembamba pembeni, na ramani ya watu wazima wenye afya itasisitiza kwamba katikati ya kichwa hicho pana ubongo.

Uganda inahusika hapa kwa namna ya pekee. Katika hospitali ya watoto ya CURE iliyoko Mbale, ambako daktari Benjamin Warf alikuza njia ya upasuaji isiyohitaji kuacha mwilini mrija wa kupitishia maji, ulifanyika utafiti wa watoto wachanga 100 waliojaa maji kichwani baada ya maambukizi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: miezi 12 baadaye, ukuaji wa akili wa watoto waliotibiwa kwa njia hiyo haukutofautiana sana na wa wale waliowekewa mrija. Watafiti walipima pia ujazo wa ubongo na wa maji kwa picha, kwa CT (mashine inayopiga picha za tabaka kwa tabaka kwa eksirei) badala ya MRI, na ufuatiliaji ulionyesha kwamba ukubwa wa ubongo unaendana na uwezo wa akili wa mtoto. Kupunguza maji peke yake hakutoshi, na anayeyapima maji bila kuupima ubongo anapata nusu ya habari. Katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, timu ya Johnes Obungoloch, ikishirikiana na wenzao wa Uholanzi na Marekani, iliunganisha mwaka 2022 mashine ya MRI yenye nguvu ya takriban tesla 0.05 tu, inayotumia sumaku za kudumu zisizohitaji kupoozwa. Picha zake ni za vokseli kubwa na zenye ukungu kiasi. Kwa kupima mikunjo ya ubongo haifai, lakini kwa mtoto ambaye maji yake ni mengi na yamekusanyika vyumbani, tofauti kati ya maji na ubongo huonekana vya kutosha, tena bila mionzi ya CT.

Namba ikishapatikana, bado haijitoshelezi. Fuvu la mtu mzima halitanuki, kanuni iliyoelezwa na Alexander Monro mwaka 1783 na George Kellie mwaka 1824 huko Scotland: kimoja kati ya ubongo, damu na maji kikiongezeka, kingine sharti kipungue. Kwa hiyo maji mengi yanaweza kuwa ndiyo yanayoukandamiza ubongo, na yanaweza pia kuwa yamejaza tu nafasi iliyoachwa na ubongo uliosinyaa kwa uzee au kwa ugonjwa wa Alzheimer. Ili kuvitofautisha, wataalamu hupima maji ya vyumbani na ya juu ya ubongo kila moja peke yake: ubongo ukisinyaa, kwa kawaida yote mawili huongezeka, lakini njia ya maji ikizibika, vyumba hutanuka na mifereji ya juu hubanwa. Ujazo hugawanywa pia kwa ukubwa wa fuvu lote, maana mwenye kichwa kikubwa ana maji mengi bila kuugua.

Katika kliniki, madaktari wengi bado hutumia kipimo cha William Evans cha mwaka 1942: upana wa pembe za mbele za vyumba hugawanywa kwa upana wa juu kabisa wa ndani ya fuvu, na jibu likizidi 0.3 vyumba huhesabiwa kuwa vimetanuka. Ni kipimo cha dakika moja, na hubadilika kwa kuinama kidogo kwa tabaka la picha. Kwa mgonjwa anayefuatiliwa kwa miaka ipo njia bora, ambayo Peter Freeborough na Nick Fox waliieleza huko London mwaka 1997: picha ya kwanza na ya pili hulinganishwa moja juu ya nyingine, na kinachopimwa ni umbali ambao mpaka umesogea. Makosa yanayojirudia katika picha zote mbili, kwa sehemu kubwa, hufutana. Yasiyofutana ni yale ya mashine iliyobadilishwa katikati, ya mipangilio iliyoguswa, na ya mgonjwa aliyepimwa mara moja akiwa amekunywa maji ya kutosha na mara ya pili akiwa amepungukiwa maji mwilini, hali ambayo peke yake huusinyaza ubongo kidogo na kuvitanua vyumba vyake.