Jasho la bondia si mafuta yanayoyeyuka

Vijana wanaokimbia alfajiri kati ya Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma, wakiwa na makoti mazito, wengine wakijifunga nailoni tumboni, huamini jasho ni mafuta yanayotoka. Siyo. Lita moja ya jasho ni kama kilo moja ya maji, ukinywa, inarudi. Bondia wa kulipwa hujikausha hivyo ili mzani usivuke, tuseme, kilo 61.2 za uzani mwepesi. Kwa kawaida hupimwa siku moja kabla ya pambano, kisha hunywa na kula apate nguvu. Wewe nani anakupima? Kwa joto la Kigoma utaambulia kizunguzungu. Kamba ruka na fulana nyepesi, na kupunguza kitambi kuanzie kwenye sahani.