Sola na chaja hazigombani kwa betri ya trela, acheni kuuziwa swichi ya kuzungusha

Wiki hii tena nimeulizwa: "Fundi, nitoe sola kwanza ndio niwashe chaja ya stima, ama?" Hapana bana. Usitoe kitu. Hii imani imeenea kuanzia Kirinyaga Road ya Nairobi mpaka kwa magrupu ya WhatsApp ya watu wa kempingi, ati betri ya trela inachajiwa na kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na ukiunganisha sola, chaja ya stima na waya ya kutoka kwa gari zote pamoja, zitarudishiana moto, yaani umeme, na moja lazima iungue. Basi mtu anauziwa swichi kubwa ya kuzungusha, moja ni sola, mbili ni gari, tatu ni stima, na anaambiwa asisahau kuizungusha kila akifika mahali. Atasahau, nani hasahau akiwa ametoka kuendesha gari masaa saba kwa vumbi? Anafika Samburu sola haijaingia hata kidogo, asubuhi friji imezima na nyama imeharibika, halafu anaambiwa betri ndio mbovu na anunue ingine.

Nimeeleza hii kitu kwa simu, mtu mmoja mmoja, mpaka nimechoka, ndio maana naiandika.

Chaja yoyote ya kisasa, iwe kontrola ya sola, iwe ya stima ya 240, iwe ile DC-DC inayochukua umeme wa gari kuchaji betri ya trela, inafanya kazi moja: inaangalia volti iliyo kwa vichwa vya betri na inasukuma ampea zake mpaka volti ifike pale ilipowekewa, tuseme 14.4. Hiyo ya kusukuma inaitwa balki. Ikifika hapo inashikilia na kupunguza ampea pole pole, hiyo ni absopsheni, baadaye inashuka floti, kushikilia tu kwa 13.5 au 13.8 hivi. Basi. Haijui kama kuna mwingine anasukuma pembeni na haihitaji kujua. Na ile hofu ya umeme wa sola kurudi ndani ya chaja ya stima na kuichoma haina msingi, chaja nzuri imefungiwa njia ya kurudi, zile za bei ya chini zikizimwa hunyonya miliampea chache tu, hiyo haichomi chochote.

Ukiwa na tangi la maji juu ya nyumba unajua hii tayari. Maji ya kaunti yanaingia na bomba lake, ya borehole yanaingia na lake, na kila bomba lina boya lake. Tangi likiwa tupu mabomba yote mawili yanamwaga, na likikaribia kujaa lile boya lililofungwa chini kidogo linafunga kwanza halafu la juu linamalizia. Mabomba hayagombani, na huwezi kumlipa fundi akuwekee mtu wa kukimbia juu ya nyumba kufunga moja ndio afungue lingine.

Kuna mwenye trela mmoja alikuwa amekazana kabisa kwamba chaja itaungua, kwa hivyo nilimwekea mita ya klampu, ile inayobana waya na kusoma ampea, mbele ya macho yake. Betri yake ni AGM, aina ya betri ya risasi iliyozibwa, ya ampea-saa 100, jua la saa nne asubuhi, kontrola inatoa ampea 9 na volti kwa betri ni 13.0. Nikawasha chaja ya stima ya ampea 15 kwa vichwa vile vile vya betri. Waya ya chaja ikasoma 15 kasoro, waya ya kontrola ikabaki 9, na nikishika waya inayoingia betri yenyewe napata 23 na kitu, tofauti ni kifeni cha ndani kilichokuwa kinazunguka. Volti ikapanda polepole. Nikaendelea na kazi zingine, baada ya lanchi tukarudi, volti 14.3, na sasa chaja ya stima imeshuka 4 huku kontrola bado inatoa kila kitu jua linaipa, kwa sababu ya stima imewekwa 14.3 kutoka kiwandani na kontrola imewekwa 14.4. Moja imetosheka mapema, ingine inamalizia. Ugomvi uko wapi?

Sasa nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndio watu wanachanganyikiwa, na wale wanaosema chaja zinagombana hawajatunga yote kichwani, kuna kitu wameona wakakielewa vibaya. Unafika kempu yenye stima saa tisa mchana, jua linawaka, sola imeshainua volti 14.2, unachomeka chaja ya stima na mara moja inawasha taa ya kijani, ati betri imejaa. Haijajaa! Chaja imesoma volti ambayo sola ndiyo imeishikilia, ikaamua hakuna kazi, ikaenda floti. Mwenye trela anaona kijani anasema ona, sola imezima chaja yangu. Hakuna kitu kimezimwa, ampea za sola bado zinaingia. Shida inakuja saa kumi na mbili jua likienda, kwa sababu chaja nyingine zikishaingia floti hazirudi nyuma mpaka volti ianguke sana, kwa hivyo inakaa 13.6 usiku kucha na betri ya risasi iko labda asilimia 80, na kwa 13.6 hiyo ishirini iliyobaki inajaa kwa mwendo wa kinyonga. Dawa yake ni kuchomoa chaja kwa soketi jua likishazama, subiri dakika kadhaa taa na friji zishushe volti, rudisha. Itaanza upya kutoka chini. Hiyo haihitaji swichi ya elfu kadhaa.

Kinyume chake pia kipo. Kuna kontrola zinazoamua asubuhi, kwa volti ilizoikuta nazo betri, absopsheni itachukua muda gani. Kama chaja ya stima ilikuwa imeshikilia 13.6 usiku kucha, kontrola inaamka inaona betri iko juu na inakata absopsheni iwe fupi. Kama betri ilijaa kweli, vizuri. Kama ilikuwa imeshikiliwa tu, umepunjwa. Na zile chaja zinazomaliza absopsheni kwa kuangalia ampea zikishuka, kila moja inaona ampea zake peke yake, haioni za mwenzake, kwa hivyo inaweza kusema nimemaliza huku mwenzake bado anasukuma kumi. Zile za kampuni moja zinazoongea kwa Bluetooth na kugawana vipimo zinaondoa hii shida, lakini si lazima, watu wamekempi miaka bila hiyo.

Vitabu vinachora zile hatua tatu kwa mstari safi kabisa, balki, absopsheni, floti. Kwa trela halisi, friji inawaka na kuzima na wingu linapita, huo mstari huwezi kuuona. Mimi sola ikiwa inasukuma siwezi kuangalia volti tu nikaapa betri ya risasi imejaa. Ninachoamini ni hiki: volti ziko 14.4 na ampea zinazoingia betri ya 100 zimeshuka chini ya 2. Na hata hiyo 2 ni mazoea kuliko sheria, kuna fundi anataka 1 na kuna anayeridhika na 4, na betri zetu zote bado zinaishi.

Sasa vitu vinavyochoma kweli. Cha kwanza ni ile swichi yenyewe! Ukizungusha kutoka sola kwenda stima saa sita mchana umeondoa betri kwa kontrola huku paneli bado inapiga. Kontrola inahitaji betri ndio ijue iko wapi, ndio maana unafunga betri kwanza halafu paneli, na ukitoa unatoa paneli kwanza. Paneli ya "12" haitoi 12, ikiwa wazi inasimama karibu 22, na kontrola ya PWM, ile rahisi inayounganisha paneli na betri moja kwa moja, ikipoteza betri inaweza kupitisha hizo 22 moja kwa moja kwa mzigo ulioachwa upande wake. Taa za LED na pampu ya maji zikifa pamoja saa sita mchana, usitafute mchawi.

Cha pili, kuingiza chaja ndani ya chaja. Mtu anachukua waya za chaja ya stima anazifunga pale kontrola imeandikwa PV, mlango wa paneli, ati "ipitie kontrola ndio iwe salama." Ama ana paneli ya kukunja ambayo tayari ina kontrola imebandikwa mgongoni, anaichomeka kwa mlango wa sola wa chaja ya DC-DC. Kontrola mbili zimefuatana, ya pili inatafuta nguvu ya paneli na inakuta kitu kinachojifanya betri, inavuta, ya kwanza inaanguka, inaamka, inavuta tena, siku nzima unapata ampea mbili. Chagua moja: ama ruka kontrola ya mgongoni, waya za paneli ziingie kontrola moja ya maana ndio ziende betri, ama tumia ile ya mgongoni na uende kwa betri bila kupitia DC-DC. Kila chaja ina waya zake mpaka kwa betri, na kila waya nyekundu ina fyuzi yake shubiri moja kutoka kichwa cha betri, fyuzi ya kulinda waya, si ya kulinda chaja.

Cha tatu ni zile paneli kubwa za nyumba, wati 550, kwa sababu bei yake kwa kila wati ni nzuri kuliko vile vidogo vya 100. Nazielewa, hata mimi nazipenda. Lakini hiyo inasimama karibu volti 50 ikiwa wazi, na milango mingi ya sola kwa chaja za DC-DC haitaki zaidi ya 25 au 30 hivi, soma kibandiko kabla hujachomeka. Hiyo paneli inataka MPPT yake, kontrola inayogeuza volti nyingi za paneli kuwa ampea, ya volti 75 au 100. PWM usiniulize, itaivuta mpaka volti za betri na utatupa zaidi ya nusu ya ulicholipia.

Kikomo cha kweli cha kuunganisha vyote pamoja ni betri, jumla ya ampea. AGM ya 100 kwa kawaida haitaki zaidi ya 25 au 30, lithiamu ya 100 kwa kawaida inakubali 50 bila shida. Paneli ya 550 peke yake kwa jua kali inaweza kutoa 40 kwa betri ya 12, ongeza DC-DC ya 30 ukiwa barabarani, AGM yako iko matatani na chaja hazijagombana hata kidogo, zimekubaliana kupita kiasi. Weka kikomo kwa settingi za kontrola, ni dakika mbili.

Upande wa gari nitapita haraka. Magari mengi hapa Kenya ni ya Japani yaliyotumika, hayazidi miaka minane yakiingia, na mengi ya sasa altaneta yake inaongozwa na kompyuta, betri ya mbele ikijaa inashusha volti mpaka 12 na kitu kuokoa mafuta. Ile rilei ya zamani, swichi inayojiwasha yenyewe na kuunganisha betri mbili volti zikifika 13.3, inaachia na trela haipati kitu. Hapo ndio DC-DC inahitajika, inainua volti yenyewe, na kama una lithiamu inazuia betri isivute altaneta mpaka iungue gari likiwa sailensa, yaani limesimama injini ikinguruma.

Lakini DC-DC haitakuokoa na waya nyembamba. Kutoka betri ya Land Cruiser mpaka betri ya trela ni mita 8 hivi, kwenda na kurudi 16. Kwa waya ya milimita za mraba 2.5, ile ya soketi za nyumba, ampea 20 zinapoteza volti 2.2 njiani. Kwa ya 16 zinapoteza 0.35. Na DC-DC ikitoa 20 kwa 14.4 inavuta zaidi ya 20 upande wa gari, kwa hivyo waya nyembamba inaumia zaidi kuliko mwanzo. Nunua ya 16, nunua plagi ya Anderson, ile ya kubeba ampea nyingi, iwe ya maana, usirudishe hasi kwa chesisi na kile kichwa cha chuma cha kuvutia trela.

Kama umeweka mita ya betri yenye shanti, kile kipande kwa waya ya hasi kinachopima ampea, hasi zote, ya sola, ya stima, ya DC-DC, ya friji, zifungwe upande wa mzigo wa shanti. Upande wa betri kuwe na waya moja tu, ile inayoenda kichwa cha hasi. Nimekuta trela nyingi hasi ya sola imefungwa juu ya kichwa cha betri moja kwa moja, mita haioni ampea zikiingia, inaona zikitoka tu, inasema asilimia 31 na betri imejaa pomoni. Kabla hujaniletea trela ukisema sola haichaji, fuata hiyo waya nyeusi kwa mkono mpaka mwisho.