Namba zilizo kwenye simu yako si zako peke yako

Fungua orodha ya majina kwenye simu yako, uisome kama mtu asiyekujua. "Bosi Kikuubo." "Mama mkwe." "Shehe." "Dokta presha." Msomaji huyo ameshajua unafanya kazi wapi, unamheshimu nani na unaugua nini. Ndiyo maana baadhi ya programu za mikopo huitaka sana orodha hiyo. Siku ukichelewa kulipa, mkopeshaji wa namna hiyo hapigi simu ovyo. Anachagua jina litakalokuaibisha zaidi.

Unapobonyeza "Ruhusu", programu inaweza kuisoma orodha yote na kuipeleka kwenye kompyuta za kampuni kwa muda mfupi sana. Kufuta programu baadaye hakugusi nakala iliyokwisha kwenda. Wengi hukosea hapa: wanaifuta kwa hasira, vitisho vinaendelea, na masharti ya mkopo, ambayo ndiyo ushahidi wao, yamepotea pamoja nayo.

Kanuni za duka la Google Play, tangu tarehe 31 Mei 2023, zinazikataza programu za mikopo binafsi kusoma majina na picha za mteja au kujua mahali hasa alipo. Pia kwa kawaida haziruhusu mkopo unaodaiwa wote ndani ya siku 60 au pungufu. Basi ukitumiwa kiungo cha WhatsApp cha kupakua programu inayotaka ulipe baada ya siku 7, jua kwamba huenda imepita nje ya ukaguzi huo. Achana nayo. Hata programu iliyomo dukani, uliza kwanza leseni ya kukopesha ambayo sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inaitaka.

Kama umeshairuhusu, anza kwa kupiga picha za skrini: masharti, kiasi ulichopewa, kiasi unachodaiwa, ujumbe wote wa vitisho pamoja na namba na saa. Kisha ingia Mipangilio, Programu, chagua programu hiyo, bonyeza Ruhusa, na kwenye majina, picha, ujumbe na mahali weka "Usiruhusu". Ikigoma kufanya kazi bila orodha ya majina, imejieleza yenyewe: kuhesabu mkopo hakuhitaji namba ya mama mkwe wako. Hapo ndipo uifute. Wenye iPhone zenye iOS 18 au toleo jipya zaidi wanaweza kuchagua majina machache tu ya kuonyesha badala ya yote.

Halafu andika. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inakupa haki ya kumtaka kwa maandishi aliyekusanya taarifa zako aache kuzitumia kwa namna inayokudhuru, na anatakiwa akujibu kwa maandishi ndani ya siku 14, ama ametekeleza au atatekeleza, ama atoe sababu za kukataa. Barua fupi inatosha: jina lako, namba ya simu, tarehe ya mkopo, na sentensi moja inayotaja unachokataa. Baki na nakala. Asipojibu, au jibu lisiporidhisha, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, ambayo iko chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari ya Uganda, kupitia tovuti yake pdpo.go.ug. Deni lenyewe halifutiki kwa njia hii. Mkopeshaji anaruhusiwa kuhifadhi taarifa zinazohitajika kwa mkataba mliofunga, na kukudai wewe.

Lakini yule aliyepigiwa simu kuhusu deni lako je? Mdhamini alitia saini na anajua alichokubali. Fundi aliyekutengenezea bomba mara moja pale Mbale hakukubali lolote. Namba yake ilitolewa na wewe, ambaye huna mamlaka ya kuridhia kwa niaba yake. Mtu huyo hana deni na hana mkataba, lakini anayo haki yake mwenyewe ya kulalamika, bila kumngoja mkopaji. Akipigiwa, aulize jina la kampuni na namba yake imetoka wapi, aandike tarehe na saa, ahifadhi ujumbe. Asilipe chochote, wala asieleze mkopaji anaishi wapi au anafanya kazi gani, kwa sababu kila jibu linaongezwa kwenye faili.

Kwa vijana wanaotengeneza programu hizi Kampala: kuuza taarifa binafsi za watu ni kosa linaloweza kumfikisha mtu kifungo cha hadi miaka 10, na kampuni inaweza kutozwa hadi asilimia 2 ya mapato yake ghafi ya mwaka. Ukiagizwa kuweka ombi la ruhusa ya majina kwenye programu ya mkopo, uliza majina hayo yatatumika wapi katika hesabu ya mkopo, na utake jibu lije kwa maandishi kabla hujaandika mstari hata mmoja.