30,031 si namba tasa

Wanafunzi wengi humaliza shule wakiamini hivi: zidisha namba tasa (namba kubwa kuliko 1 zisizogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa zenyewe) za mwanzo kwa mfuatano, ongeza 1, utapata namba tasa mpya. Mwanzoni inakubali kabisa. 2×3+1 ni 7, 2×3×5+1 ni 31, kisha 211, kisha 2,311, zote tasa. Wengi huacha kukagua hapo. Hatua inayofuata, 2×3×5×7×11×13+1, inatoa 30,031, nayo ni 59×509. Ya baada yake, 510,511, ni 19×97×277.

Anayebebeshwa kosa hili ni Euclid, Mgiriki wa takriban mwaka 300 KK, aliyethibitisha kwamba namba tasa hazina mwisho. Kumwonea tu. Hoja yake ni kwamba 30,031 ukiigawa kwa 2, 3, 5, 7, 11 au 13, kila mara hubaki 1. Basi namba tasa inayoigawa bila baki lazima iwe nje ya orodha ya namba ulizozidisha, iwe ni hiyohiyo 30,031 au ndogo zaidi, kama 59. Wala si lazima orodha ianze na 2: chukua 3 na 5, utapata 16, na 16 inakuletea 2 uliyoiacha.