Zaka ni nini, na je, Mkristo wa leo anadaiwa?

Zaka ni sehemu ya kumi ya mapato ya mtu, iliyotengwa kwa ajili ya Mungu. Ndiyo maana huitwa pia fungu la kumi. Katika makanisa mengi leo neno hilo lina maana finyu zaidi: asilimia 10 ya mshahara au faida, kila mwezi, kwa kanisa unaloabudu, na sadaka ije juu yake. Wanaosema ni lazima na wanaosema ilikwisha wote wanafungua Biblia ileile, mara nyingi ukurasa uleule wa nabii Malaki, kisha wanaanza kubishana kuhusu sisi kabla hawajauliza zaka ile ilikuwa kitu gani.

Haikuwa fedha. Walawi 27 inataja mbegu za nchi, matunda ya miti na mifugo. Wanyama walipitishwa chini ya fimbo ya mchungaji wakihesabiwa, na kila wa kumi akawa wa Bwana, awe mnono au amekonda. Mwenye mali hakuruhusiwa kuchagua wala kubadilisha. Ukiisoma sheria hiyo kama ilivyoandikwa, mwenye ndama tisa hakuwa na wa kutoa. Ujira wa fundi au mapato ya mvuvi hayatajwi. Waliopokea ni Walawi, kabila ambalo halikugawiwa urithi wa ardhi kwa sababu kazi yake ilikuwa kwenye hema la ibada, na Hesabu 18 inawaagiza nao watoe sehemu ya kumi ya walichopokea, iende kwa kuhani.

Kisha kuna Kumbukumbu la Torati 14, sura ambayo ni nadra kuisikia wakati wa matoleo. Humo mkulima anaambiwa achukue zaka ya nafaka, divai na mafuta, aende nayo mahali atakapochagua Bwana, na huko aile yeye mwenyewe pamoja na jamaa yake, wakifurahi. Njia ikiwa ndefu mno na mzigo haubebeki, aiuze, azifunge fedha mkononi, na akifika anunue chochote roho yake inachotamani: ng'ombe, kondoo, divai, hata kileo. Mlawi wa mjini kwake asisahauliwe. Kila mwisho wa mwaka wa tatu zaka haisafiri. Inawekwa malangoni ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe.

Walimu wa Kiyahudi walizipanga amri hizi kuwa zaka zaidi ya moja: ya kwanza ya Walawi, ya pili ya kuliwa Yerusalemu, na ya maskini iliyoshika nafasi ya hiyo ya pili katika mwaka wa tatu na wa sita. Mwaka wa saba ardhi ilipumzika, kwa hiyo hapakuwa na mavuno ya kutolewa zaka. Anayekata asilimia 10 ya mshahara wake huenda anafanya jambo jema sana, ila asiseme anaishika zaka ya Musa. Ile ilipita asilimia 10 na ilikuwa na karamu ndani yake.

Sasa Malaki, anayewaambia watu katika sura ya tatu kwamba wanamwibia Mungu zaka na kwamba wamelaaniwa. “Leteni zaka kamili ghalani, ili kiwemo chakula katika nyumba yangu.” Chakula hapo ni chakula kweli, na ghala ni vyumba vya hekalu. Nehemia 13, ya kipindi kinachokaribiana na hicho, inaonyesha hali ilivyokuwa. Kuhani Eliashibu alimpa Tobia, mpinzani wa Nehemia, chumba kikubwa ambamo hapo kwanza ziliwekwa zaka za nafaka, divai na mafuta. Walawi, wakiwa hawapati chao, wakakimbilia kila mtu shambani kwake. Nehemia, liwali wa Yuda, aliporudi kutoka kwa mfalme wa Uajemi alivitupa nje vyombo vya Tobia, akaamuru vyumba visafishwe, na watu wakaanza tena kuleta. Ukiisoma habari hiyo, lawama ya kumwibia Mungu haimwangukii mkulima peke yake. Malaki mwenyewe, sura mbili kabla, anawakaripia makuhani kwa kutoa madhabahuni wanyama vipofu na vilema. Kuligeuza ghala lile kuwa akaunti ya kanisa fulani, na kumtisha mjane asiye na kazi kwa laana ya sura ya tatu, ni kulitwisha andiko mzigo lisioubeba.

Wanaotetea zaka wana hoja nzito zaidi ya Malaki. Abramu alimpa kuhani Melkizedeki fungu la kumi muda mrefu kabla ya Musa, na Yakobo aliweka nadhiri ya kutoa sehemu ya kumi kule Betheli. Kwa hiyo, wanasema, zaka haikuzaliwa na Torati wala haifi pamoja nayo. Ni kweli ilitangulia, lakini tohara nayo ilitangulia, na Wakristo hawaagizwi kutahiriwa. Waebrania 7 inasema alichotoa Abramu kilikuwa sehemu ya nyara za vita, na Biblia inasimulia kwamba alitoa mara moja tu, bila amri. Nadhiri ya Yakobo nayo ilikuwa na masharti: Mungu akiwa pamoja nami, akinipa chakula na nguo, nikarudi kwa amani.

Hoja ya pili ni maneno ya Yesu katika Mathayo 23:23. Aliwakemea Mafarisayo waliotoa zaka ya mnanaa, bizari na jira huku wakiacha adili, rehema na imani, kisha akaongeza kwamba haya iliwapasa kuyafanya, na yale wasiyaache. Hapo hakuidharau zaka, tukubali. Ila alikuwa akisema na Wayahudi walioishi chini ya Torati, hekalu likiwa bado limesimama. Liliangushwa na Warumi mwaka 70.

Mitume walipokutana Yerusalemu kuamua watu wa mataifa, yaani waumini wasio Wayahudi, wabebeshwe nini (Matendo 15), walitaja vilivyotolewa kwa sanamu, uasherati, damu na nyama zilizosongolewa. Zaka haimo. Paulo, ambaye hakuona haya kuzungumzia fedha, aliwaambia Wakorintho kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma kwa kadiri ya kufanikiwa kwake, na atoe alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa lazima. Asilimia hakutaja, hata pale ilipokuwa rahisi kuitaja. Wakati huohuo alisisitiza kwamba anayeihubiri Injili ana haki ya kuishi kwayo. Asiyetoa kitu kwa kisingizio cha “tuko chini ya neema” hapati msaada kwa Paulo.

Karibu mwaka 150, Justin, mwalimu Mkristo aliyeishi Roma, alieleza kuwa wenye uwezo walitoa walichopenda, na fedha zikawahudumia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Zaka ya lazima ilikuja baadaye: mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Mâcon, katika Ufaransa ya leo, mwaka 585 uliiagiza kwa tishio la kutengwa na Kanisa, na mwaka 779 mfalme Charlemagne akaifanya sheria ya dola. Ufaransa iliifuta katika mapinduzi ya 1789. Leo Kanisa Katoliki, katika kanuni ya 222 ya sheria zake za 1983, linawadai waamini kusaidia mahitaji ya Kanisa bila kutaja kiwango. Waadventista wa Sabato wanafundisha zaka waziwazi, na makanisa mengi ya Kipentekoste vilevile.

Kwa maoni yangu, basi, Mkristo wa leo hadaiwi asilimia 10, bali anadaiwa ukarimu, na ukarimu hauna kikomo cha kumi. Sehemu ya kumi ya kipato cha mtu anayekula mara moja kwa siku na sehemu ya kumi ya tajiri si mzigo mmoja hata hesabu ikilingana. Anayeona kumi inampa nidhamu aishike kwa furaha. Mwenye nacho asijione amemaliza akifika hapo.

Watu huuliza pia kama zaka itolewe kabla au baada ya kodi. Kama hakuna amri ya asilimia, swali hilo linapoteza makali yake. Swali la kama mtu atoe kanisani au awasaidie wazazi wake ni zito zaidi, na Yesu alilijibu katika Marko 7: aliwakemea watu waliotangaza mali yao kuwa Korbani, wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie baba na mama. Asiache mtu wazee wake bila dawa ili bahasha ya kanisa ijae.

Na muumini akiuliza fedha zimeenda wapi, asiitwe mwasi. Paulo alipochangisha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa yenyewe, akaandika sababu yake: mtu asije akawalaumu kwa habari ya karama ile.